Mzee wa Ndani ya Kompyuta

Ujumbe ulifika Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye kibao napepeta simsim, yaani ufuta. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimefika ungo wa tatu, na huo wa tatu ulikuwa na mchanga mwingi kuliko miwili ya kwanza. Simu ilikuwa dirishani, pale tunapoiweka ili ipate mtandao. Ikatoa mlio mfupi. Mjukuu wangu Mindra akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, akaisoma. Akairudisha simu dirishani taratibu, kama mtu anayeweka yai, kisha akarudi kukoroga kunde.

Nikajua kuna jambo. Mtoto huyu nimemlea tangu ana miaka minne, maana mama yake, binti yangu Alice, anauza vitenge sokoni Ariwara, upande wa Kongo, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mindra akifurahi huvunja vitu. Akiumia, huwa mwangalifu sana.

"Mindra."

"Dede." Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Aroi nilikozaliwa, na neno hilo nimekuja nalo mpaka huku Koboko nilikoolewa.

"Simu inasema nini?"

"Iko inasema nimedanganya."

Niliweka ungo chini.

Nieleze kidogo, maana jambo lenyewe lilianza kabla ya hapo. Kuna shirika moja lenye ofisi Arua ambalo huwalipia wasichana masomo ya ukunga. Mindra alimaliza sekondari, halafu miaka miwili akajitolea kituo cha afya hapa Koboko. Alifagia, alichota maji, aliwashikia taa wakunga. Kila siku alirudi na habari: leo tumepata mapacha, leo mtoto ametanguliza miguu. Alipoomba nafasi hiyo, makaratasi yake yote yalipita. Yakabaki mahojiano. Wasichana sita wa Koboko waliitwa kwenye ukumbi wa shule, kila mmoja akawekwa mbele ya kompyuta, na kompyuta ikawauliza maswali.

Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza. Mindra alinisomea kwa Kiswahili, akisimama mlangoni: ombi lako limekataliwa. Umeonekana ukisoma maandishi uliyoyaficha. Huruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitatu.

"Miaka mitatu," nikasema. "Sasa uko na kumi na tisa."

"Na wao hawachukui mtu aliyepita ishirini na moja, Dede."

Basi hesabu ilikuwa imekwisha. Miaka mitatu hapo ilikuwa na maana ya kamwe, na juu yake ametiwa jina la udanganyifu.

Nilimuuliza mara moja tu. "Ulificha karatasi?"

"Hapana, Dede."

Hilo likanitosha. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza. Marehemu mume wangu, koplo, aliyenifundisha Kiswahili cha kambini, alizoea kusema jeshi lilikosea kumweka yeye getini badala yangu. Nikamwambia Mindra aepue kunde, alete stuli, aketi vilevile alivyoketi ukumbini. Kiti kilikuwa cha namna gani? Cha plastiki, cha buluu, kimepasuka mgongoni. Meza je? Ya mbao, ina jina la mtu limechongwa kwa wembe. Nani alikuwa chumbani? Mwalimu mmoja, lakini alikuwa nje barazani anaongea na simu. Mikono yako ilikuwa wapi? Hapa, mapajani. Mapajani kulikuwa na nini? Gauni.

"Sasa, nani alikuuliza maswali?"

"Mzee."

"Si umesema kompyuta?"

"Mzee wa ndani ya kompyuta. Iko na mvi kichwa kizima, na miwani, na koti. Anaongea pole pole, kama padri."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina, Dede. Hapana mtu huyo. Wamemtengeneza na akili bandia."

"Hana mama?"

"Hana."

"Lakini mvi anazo."

"Anazo nyingi."

"Haya. Mimi ndiye mzee huyo." Nikakaza shingo, nikachukua sauti ya padri. "Binti yangu, kwa nini unataka kuwa mkunga? Jibu kama ulivyojibu."

Mindra akaanza kujibu. Na alipoanza tu, kichwa kikainama, macho yakashuka, yakatua kwenye mikono yake pale mapajani. Alijibu vizuri, bila kigugumizi. Mara chache macho yalipanda kidogo, yakafika kidevuni pangu, yakashuka tena. Mtu asiyemjua angesema hakika kuna karatasi pale chini.

Simsim ilikuwa inapeperuka, sikuijali.

"Mindra, uliinamisha macho mbele ya mzee asiyekuwa mtu?"

Akafikiri. "Mvi ni mvi, Dede."

Nilicheka mpaka nikashika ubavu, naye akacheka, kisha kicheko kikanikauka. Maana ni nani aliyemfundisha? Alipokuwa na miaka mitano alimkodolea macho shemeji yangu, mzee Ondoga, aliyekuja kutusalimu. Mimi ndiye niliyemfinya sikio nikamwambia mkubwa hatazamwi kana kwamba unamhesabu meno. Unapiga goti, unajibu, macho yako chini. Nilimfinya mara moja ikatosha mpaka leo. Na katika wale sita waliokwenda ukumbini, nikamuuliza, ni nani waliopita? Wawili. Mmoja amelelewa Kampala na shangazi. Mwingine baba yake ni askari, wamekaa Entebbe maisha yote. Wale wanne wa hapahapa Koboko, waliolelewa na kina mimi, wote simu zao zilikuwa zimelia asubuhi ileile.

Ng'ambo ya barabara yetu kuna fundi cherehani, Ocama. Ni mtu wa Onduparaka kule Arua, na mapenzi yake kwa timu ya mpira ya kwao yamemfanya awe na sauti iliyokauka daima. Aliona tumekaa kimya, stuli katikati ya uwanja, akavuka na mkanda wa kupimia shingoni.

"Mama Alice, nani amekufa?"

"Hakuna. Mashine imemwita mjukuu wangu mdanganyifu."

Nikamweleza yote, kuanzia kiti cha buluu. Ocama hana subira, alikuwa anazungusha mkono niende mbele, lakini nilipofika kwa mzee mwenye mvi akatulia.

"Na nani aliangalia baada ya mashine?" akauliza.

"Hakuna. Imejitumia yenyewe."

"Hapana! Hiyo haiwezekani. Mama Alice, hata kwenye mpira wa siku hizi, video ikiona kosa, refa anakimbia pembeni kuangalia na macho yake yeye mwenyewe. Refa akisema 'mimi sijui, televisheni imesema,' pale Onduparaka hatoki na viatu."

"Ocama, huu si mpira."

"Ngoja. Kuna sheria." Akanyoosha kidole. "Mwanasheria mmoja, mama, alisema kwenye redio. Nchi nyingi sasa zinaandika sheria za hizi akili bandia, na nyingine ziko njiani. Lakini sisi hapa Uganda tuko na sheria ya kulinda habari za watu, na ndani yake imeandikwa: kama mashine peke yake imekata neno linalokuumiza, uko na haki kuambiwa hivyo. Uko na haki kuandika barua. Na wao lazima waangalie tena ndani ya siku ishirini na moja."

"Uko na hakika? Wewe redio unasikiliza huku unaimba."

"Hakika? Nilikuwa napiga pasi suruali ya diwani. Nilisimama kusikiliza, pasi mkononi, mpaka suruali ikaungua hapa nyuma. Nenda muulize diwani kama hiyo sheria iko!"

Mindra alicheka kwa mara ya pili siku ile. Na suruali ya diwani niliiona baadaye. Kiraka kilikuwa cha rangi nyingine.

Mchana uleule tukaanza barua. Mindra anajua Kiingereza, mimi najua mambo. Nilitaka iingie stuli, iingie meza yenye jina lililochongwa, iingie mzee Ondoga na sikio lililofinywa. Ikafika kurasa nne. Mindra akakaa nayo peke yake, akaipunguza hadi ukurasa na nusu. Nikamwomba anirudishie kiti cha buluu, akakataa kwa heshima. Lakini alibakiza lililo kubwa: kwamba kwetu binti akiulizwa na mzee huinamisha macho, na kwamba haya si dalili ya udanganyifu, ni malezi. Aliandika ile sheria kama Ocama alivyoisema, baada ya kuitafuta kwenye simu na kuikuta ipo kweli, namba yake na kifungu chake. Mwishoni nikamwambia aandike hivi: hatuombi huruma, tunaomba mtu.

Alhamisi tukaenda Arua. Sikutaka kuituma barua kwa simu, maana kitu kilichotumwa kwa mashine kinasomwa na mashine. Ofisi yao ni nyumba ya rangi ya krimu yenye ua wa maua mekundu, na mapokezini alikuwepo kijana wa shati lililonyooka, jina lake Robert limeandikwa kifuani. Mindra akapiga goti kumsalimu, ingawa kijana hakumzidi hata miaka kumi. Robert akaona haya, akasema inuka, inuka, dada.

Nikampa barua. Akagonga-gonga kompyuta yake.

"Mama, pole. Sistimu imekataa. Mimi hapana weza kufungua."

"Sistimu ndiyo nani, mwanangu?"

"Sistimu ni... ni kompyuta, mama."

"Barua ya kumkataa mjukuu wangu, nani ametia sahihi?"

"Haina sahihi. Inaenda yenyewe."

"Yenyewe," nikasema. "Mimi nikitaka kuuza jogoo nje ya kijiji, diwani anaandika karatasi na kutia sahihi. Mtoto mzima anaitwa mdanganyifu, hakuna wa kutia sahihi?"

Robert aliivuta barua karibu. Aliisoma barua. Nilimtazama akiisoma, kwa sababu mimi umri wangu unaniruhusu kumtazama mtu. Alipofika penye namba ya sheria, alirudia mstari kwa kidole. Akainuka, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango.

Tukangoja. Sakafu ilikuwa ya vigae, kumi na vinne kwa upande mmoja, tisa kwa mwingine, kimoja kimevunjika penye kona. Nilikuwa nimevihesabu mara mbili Robert aliporudi na muhuri. Akaugonga kwenye barua, akaandika tarehe, akatia sahihi yake, akatupa nakala.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hii ni ya kwanza. Hakuna mtu aliwahi kuleta. Bosi amesema ataangalia mwenyewe."

"Mwenyewe na macho yake?"

"Na macho yake, mama."

Ile nakala niliiweka ndani ya Biblia, na siku zikaanza kwenda. Sitasema zilikwenda upesi. Mindra alirudi kituo cha afya kama kawaida, lakini wakunga wakimwita alikuwa akichelewa kuitika, kama mtu ambaye hana hakika na jina lake. Mama yake alipiga simu kila jioni kutoka Ariwara na swali lilelile. Chuo kilikuwa kinafunguliwa mwanzo wa mwezi unaofuata. Ocama alikuwa akipaza sauti kutoka kwenye cherehani, "Dakika ya sitini, bado sare!" nami namwambia ashone.

Siku ya kumi na moja, Mindra alikuja kwangu nikimenya muhogo.

"Dede, kama wakiniita, nifanye nini? Nitazame?"

Nikaona ni vizuri tujaribu. Nikaketi mbele yake. "Nitazame machoni ukinijibu. Jina lako nani?"

Akainua macho, akayakaza kwangu. Sekunde mbili, tatu. Machozi yakaanza kumlenga, mdomo ukamcheza, akafunika uso na kitambaa.

"Siwezi, Dede. Nasikia kama nakutukana."

Nami moyoni nilisikia vilevile kama natukanwa, Mungu anisamehe, ingawa nilimwomba mimi mwenyewe. Tukajaribu tena kesho yake. Akatazama paji la uso wangu, kama mtu anayetafuta chawa. Nikamwambia basi, tuache.

"Kama ni watu, watakuona," nikamwambia. "Nenda kama ulivyo."

Lakini niseme kweli, sikuwa na hakika. Usiku nililala nikiwaza kama ule mfinyo mmoja wa sikio umemnyang'anya mtoto maisha yake. Mtu humfundisha mtoto adabu ili dunia impokee, halafu siku moja dunia inakuja na macho mengine.

Siku ya kumi na saba wakapiga simu. Jumatatu, saa tatu asubuhi, aje na kitambulisho, na anaweza kuja na mzazi.

Jumatatu hiyo Mindra alivaa gauni la kijani na viatu vilivyofungwa kamba. Ocama alikuwa amekaza vifungo vyote vya gauni usiku wa Jumamosi na kutukataza tusimshukuru mpaka matokeo. Pale ofisini tuliingizwa chumba chenye meza ndefu. Walikuwapo watu watatu. Robert alikuwa na kompyuta. Pembeni yake mama mnene mwenye saa iliyobandikwa kifuani, Sista Patience Lado, mkunga mkuu. Huyu alikimbia vita Sudan Kusini akiwa msichana, akasomea kazi hapahapa Uganda. Kiswahili chake kina Kiarabu cha Juba ndani yake. Na katikati daktari mstaafu, mwenyekiti wao, anaitwa Obitre. Nilipomwona nilishika mkono wa kiti. Kichwa chake kilikuwa cheupe kama pamba, na alivaa miwani na koti.

Mindra alipiga goti. Akasalimu mmoja mmoja. Akaketi. Macho yakashuka.

"Tutatazama kwanza," akasema Daktari Obitre. Robert akageuza kompyuta ili sote tuone.

Nikamwona mjukuu wangu, amekuwa mdogo ndani ya kioo, kwenye kiti cha buluu. Na kila macho yake yaliposhuka, kisanduku chekundu kilizunguka uso wake na namba ikaongezeka pembeni. Nne. Tisa. Kumi na saba. Mtoto anaeleza jinsi ya kunawa mikono kabla ya kumshika mzazi, na kisanduku chekundu kinampiga. Ilipofika ishirini na sita, Sista Patience akasema kitu kwa Kiarabu. Ilipofika arobaini na moja, picha ikasimama. Daktari Obitre alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani anakohoa.

"Binti," akasema, "hapa ulikuwa unatazama nini?"

"Mikono yangu, baba."

"Kwa nini?"

"Yule mzee alikuwa ananiuliza."

"Unajua si mtu?"

"Walituambia, baba. Lakini alikuwa na mvi." Akasita. "Kama zako."

Robert akainamia kompyuta haraka ili asionekane akicheka. Lakini Sista Patience hakucheka. Aliegemeza viwiko mezani.

"Ngoja, daktari. Mimi niko na swali. Binti, adabu yako nimeiona, na mimi mama yangu alinilea hivyo. Lakini kazi yetu ni ya macho. Mama mwenye mimba anaweza kuwa mkubwa kwako, anaweza kuwa mke wa mjomba wako, anaweza kuwa mke wa mchungaji. Ukimwinamia, utajuaje kama anakufa?"

Hilo halikuwa swali la mashine. Nilitaka kujibu mimi, nikajiuma ulimi.

Mindra aliitazama mikono yake kwa muda ambao ningeweza kupepeta ungo mzima. Kisha akasema, macho bado yako chini, "Sista, naomba ruhusa nije hapo ulipo."

"Njoo."

Akainuka, akazunguka meza. Akanawa mikono kwenye karai lililokuwa pembeni, akaikausha. Akasimama mbele ya mkunga mkuu.

"Mama, naomba nikushike."

"Shika."

Akaweka kidole gumba chini ya jicho la Sista Patience, akavuta ngozi chini kidogo, akalitazama jicho lile. Hakulitazama kwa kuibia. Alilitazama kama mimi ninavyotazama sufuria kama maziwa yanataka kumwagika. Akahamia jicho la pili. Akamwomba afungue mdomo, akautazama ulimi. Akachukua mkono wake, akabonyeza kucha, akaiachia, akaangalia wekundu ukirudi.

"Damu yako iko nzuri, mama," akasema. "Lakini jicho la kushoto limechoka. Hukulala."

Sista Patience akamtazama. Kisha akacheka kicheko kikubwa, cha tumboni, saa ikarukaruka kifuani.

"Wallahi, sikulala! Nilikuwa zamu!" Akamgeukia mwenyekiti. "Daktari, miaka yangu yote chuoni nimefundisha wasichana wanaokukazia macho wewe mchana kutwa, na mgonjwa hawamwoni."

Akamwuliza mengine pale pale, wamesimama. Damu isipokoma baada ya kujifungua? Ataita msaada kwa sauti, atasugua tumbo la uzazi mpaka likaze, ataangalia kama kondo limetoka lote, mtoto atawekwa kwenye ziwa. Mzazi akianza degedege? Mindra akajibu, na pale alipokuwa hajui akasema hajui, angemwita aliye juu yake. Alirudi kuketi na macho yakarudi mapajani, na hakuna kisanduku chekundu kilichomzunguka.

Daktari Obitre alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Kosa ni letu," akasema. "Tulimtengeneza mzee tukamweka aulize, halafu tukashangaa anaheshimiwa. Na sheria tulikuwa nayo kabatini, mama, hatukuifungua mpaka mlipokuja." Hapo alikuwa anasema na mimi. "Kuanzia leo mashine itapendekeza, mtu ataamua. Na wapo wengine tisa, wa Koboko na kwingine, waliokataliwa kwa macho. Robert atawapigia simu, mmoja mmoja. Tutawaona wote."

"Kwa simu yake au itajituma yenyewe?" nikauliza.

"Kwa mdomo wangu, mama," akasema Robert.

Wakaandika barua mbili hapohapo. Ya kwanza inafuta lile neno la udanganyifu. Ya pili inampa Mindra nafasi, chuo kinafunguliwa tarehe mbili. Kalamu ya daktari ilikauka katikati ya sahihi, akaazima ya Sista Patience, kwa hiyo sahihi yake kwenye barua ya pili ni nusu nyeusi nusu buluu. Nikamwomba aandike na jina chini yake kwa herufi za kusomeka. Akaandika, tena kwa furaha.

Nikaketi kwenye ngazi ya nje karibu na maua mekundu, nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu ile Jumanne. Ilitoka ndefu. Mtu akipita angedhani nimebeba gunia la muhogo kutoka kijiji cha Manibe kwa miguu. Mindra aliketi ngazi moja chini yangu, barua kwenye magoti, akaisoma, akaikunja, akaikunjua, akaisoma. Kisha akaiangusha chupa yake ya maji ikapasuka, na nikajua amefurahi.

"Mpigie mama yako," nikamwambia.

Akapiga. Simu ikapokelewa kabla haijalia mara mbili, na kelele ya soko la Ariwara ikamwagika mpaka kwangu. Mindra akanipa simu, analia na kucheka, kamasi zinamtoka.

"Alice," nikasema.

"Mama! Imekuwaje?"

"Tulia nikueleze. Tulifika saa tatu kasoro dakika kumi. Chumba kina meza ndefu, viti vya mbao vyenye mito..."

"Mama, amepita au hakupita?"

"Nakuja huko. Kulikuwa na watu watatu. Mmoja mama mnene, ana saa kifuani..."

"Mama, nakuomba kwa jina la Mungu! Wateja wote wamesimama wananitazama!"

"Waambie waketi," nikasema, "maana hii ni ndefu. Amepita, Alice. Amepita, na jina lake limesafishwa, na sahihi ipo, ya mtu."

Nilisikia kigelegele, kisha kigelegele cha pili kutoka koo jingine, kisha vingi, wanawake wa vitenge wakipokezana bila kujua ni cha nini. Nikangoja viishe. Halafu nikamwanzia upya, kuanzia viti.